Fundi Kalombo na sanduku la bolti lisilo lake

Saa moja asubuhi, Stany Kalombo amechutama sokoni Kolwezi, kusini mwa Kongo, mbele ya gunia lililotandazwa chini, juu yake rundo la vyuma vya kutu. Shingoni amening'iniza nati moja kwa uzi, kama wengine wanavyovaa rozari. Anaokota bolti, anaiingiza kwenye nati ile, anaizungusha kwa kidole kimoja tu. Ikigoma, anairudisha. Ikiteleza mpaka mwisho, anaitia mfukoni.

Anafanya hivyo karibu saa nzima. Muuzaji amekwisha kumzoea, anakunywa chai yake bila kumharakisha. Mwishowe fundi anainuka na bolti sita. Sita tu, kutoka rundo ambamo mimi ningejaza ndoo na kwenda zangu nyumbani nikijiona mjanja.

Kalombo ana miaka hamsini na mmoja. Ni seremala, ana mke na watoto saba. Bolti hizo si za milango wala madirisha. Ni za gabari, ndivyo maseremala wa huku wanavyoviita vifaa vya mbao wanavyojitengenezea wenyewe kuongoza msumeno na keekee, ili mguu wa benchi la kwanza na mguu wa benchi la mia isipishane hata kwa unywele.

Gabari ina kipande kinachokaa na kipande kinachosogea, na kinachovishika pamoja ni bolti. Bolti ikilegea, kazi yote inakwenda upogo. Kwa hiyo fundi mzuri wa gabari huanza kujulikana kwa vyuma anavyochagua, kabla hajagusa mbao.

"Hii akili haiko yangu," Kalombo ananiambia tukitembea kurudi kwake. "Ni ya Tata Badibanga."

Yeye na Tata huyo, yaani mzee kwa heshima, walifanya kazi meza moja kwa miaka kumi na tisa, katika karakana ya mbao ya kampuni ya migodi. Kalombo alikata, Badibanga alitengeneza gabari. Kila asubuhi king'ora kililia, watu wakamiminika kwa baiskeli, na dirisha la stoo likafunguliwa. Badibanga ndiye aliyekuwa wa kwanza pale. Alipewa bolti zimefungwa kwenye karatasi kama karanga, naye alizifungua papo hapo na kuzikagua moja moja huku foleni ikimnung'unikia.

Alikuwa na masharti yake. Unene mmoja tu, milimita nane, ili chochote kilichofunguliwa kwenye gabari moja kiingie kwenye nyingine. Kichwa cha mviringo chenye shingo ya pembe nne, kisizunguke ndani ya mbao. Nati za mabawa, zikazwe kwa vidole bila kutafuta spana. Washa, yaani pete bapa za chuma, ziwe pana, nati isiume mbao. Na ukichukua moja sandukuni, siku hiyo hiyo unarudisha nyingine.

Kalombo anacheka akikumbuka. Mchana walikula bukari bakuli moja, na hata hapo Badibanga alifinyanga matonge yake ya ugali kwa ukubwa ule ule. Jumapili wake zao waliimba kwaya moja. Ilikuwa raha, anasema, na mtu hakujua kuwa ni raha kwa sababu ilikuwa kila siku.

Kisha mambo yakaharibika. Shaba ilipungua, mashine zikasimama, king'ora kikanyamaza. Mshahara wa mwisho Kalombo aliopokea ulitosha nusu gunia la unga. Na njaa ilipoingia, akatafutwa wa kulaumiwa. Wakapatikana watu wenye asili ya mkoa jirani wa Kasai.

Badibanga alizaliwa Kolwezi. Baba yake amezikwa Kolwezi. Mwaka 1993 hayo hayakumsaidia kitu. Familia yake ililala wiki tano nje ya stesheni pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Siku treni ilipofika, Kalombo alikwenda kumsaidia kubeba mizigo, na mzigo mzito kuliko yote ulikuwa sanduku la bolti.

Mlangoni pa stesheni walisimama vijana waliojipa kazi ya kuamua kipi kitoke na kipi kibaki. Walifungua sanduku. Wakasema chuma ni cha nchi hii, hakiendi Kasai. Halafu wakamgeukia Kalombo, wakamuuliza kabila lake, wakalisukuma sanduku miguuni pake.

"Baliniambia, weye ni mutoto wa hapa, kamata," anasema Kalombo. "Na mi nikaikamata."

Badibanga alimshika mkewe mkono, akapanda behewa.

Tangu siku hiyo Kalombo anafanya kazi peke yake, chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba. Mwezi mzuri anauza milango miwili na viti vichache, basi. Mwaka wa kwanza parokia ilimwagiza mabenchi arobaini, naye akanunua bolti kwa kilo bila kuzikagua. Nyingi zilikuwa za zamani, za kipimo cha inchi. Ukizitazama tu unaapa ni milimita nane. Zinaingia mizunguko miwili kwenye nati, halafu zinakwama. Yeye akazilazimisha kwa spana.

Gabari ilisogea katikati ya kazi. Mabenchi kumi na moja yaliyumba, padre akayarudisha, na Kalombo akayatengeneza upya kwa mbao zake mwenyewe. Anasema alikaa chini siku ile akalia, na si kwa ajili ya mbao. Badibanga angezitambua bolti zile kwa kuzishika tu. Ndipo alipoitundika ile nati shingoni.

Lile sanduku liko chini ya kitanda. Analitumia, hafichi, lakini kila anachotoa anarudisha, kimekaguliwa na kupakwa mafuta. Mkewe, Huguette, hana subira nalo. "Ile sanduku inakula mafuta kupita batoto," ananiambia, naye Kalombo anajifanya hasikii. Idadi ni mia nne na kumi na mbili, kama ilivyokuwa siku ya treni. Kwa bolti sita za leo, badala ya sita alizotoa mwezi huu, imetimia tena.

Mwezi uliopita Kassim, mfanyabiashara wa samaki wakavu anayesafiri na treni, alirudi na habari. Alikuwa amemkuta Badibanga akitengeneza fremu za madirisha sokoni Mwene-Ditu. Alimfikishia salamu alizotumwa na Kalombo: sanduku liko kamili, alitume vipi?

Badibanga alijibu kwamba bolti zipo hata huko, Stany asijisumbue. Akaendelea na randa yake. Kassim alikuwa ameshaaga alipoitwa tena, akapewa swali moja la kupeleka Kolwezi. Badibanga alitaka kujua: siku ile, yeye alipokwisha kupanda behewa, Stany aliwaambia vijana wale neno lolote?

Kalombo alipokea swali hilo akiwa ameshika msumeno, na kazi ya siku hiyo ikaishia hapo.

Huguette alimshauri amjibu ndiyo. Neno dogo tu, mzee wa watu apumue. Nani atakayekwenda kumuuliza shahidi? Kassim naye alijitolea kulipeleka jibu hilo safari ijayo. Kwa wiki mbili Kalombo aliligeuza kichwani, na anakiri kwamba kuna usiku alikaribia kukubali.

Sasa amekata shauri. Ameuza randa yake nzuri kupata nauli. Treni ikija, huenda Alhamisi, huenda wiki ijayo, anaondoka na sanduku begani, hata kama halihitajiwi. Si lake, anasema, na maelezo mengine hana.

Namuuliza atajibu nini. Ananitazama kana kwamba nimechelewa kuelewa.

"Nitamuambia hapana. Sikusema kitu. Nilikamata sanduku, nikarudia ku nyumba, nikakula," anasema. "Akinipa kiti, nitaikala. Akininyima, nitamuambia nikiwa wima."