Mvinyo wa Kihispania wa Baba Watoto

Mume wangu alipohamia Kigamboni kwa mwanamke mwingine, aliniachia nyumba ya Tegeta, watoto wawili, na makasha ya mvinyo wa Kihispania.

Alikuwa akifanya kazi kwa waagizaji wa vinywaji. Safari moja walimpeleka Hispania, kwenye mashamba ya mizabibu ya Rioja, na aliporudi ikawa hatumalizi kula bila kusikia habari za zabibu zinazochumwa kwa mkono na mvinyo unaokaa miaka kwenye mapipa ya mwaloni, gizani, chini ya ardhi. Mie nilikuwa namsikiliza kwa mapenzi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba chupa hulazwa ili kizibo kisikauke, na kwamba joto huua mvinyo. Chumba chenye kiyoyozi kikawa cha chupa. Watoto walilala na feni.

Tulikwisha talikiana aliponipigia simu.

"Mama watoto, chupa zangu usiziguse. Nitazifuata karibu na harusi yangu. Na kiyoyozi usizime."

Mdogo alikuwa na homa wiki ile, na baba yake alijua. Hakumuulizia.

"Sawa," nikamjibu. "Nitazitunza."

Siku hiyohiyo niliwahamishia watoto kwenye kile chumba. Chupa nikazipeleka stoo ya uani, yenye bati tupu bila dari, nikazisimamisha wima kando ya mifuko ya saruji. Miezi ya joto kali ilipofika, kila mchana nilikuwa naenda kuzishika. Zilikuwa za moto kama vikombe vya chai. Raha niliyoipata mle stoo sijawahi kumweleza mtu. Vizibo vingine vilianza kujisukuma juu na mvinyo ukachuruzika. Nikavirudisha kwa kidole gumba, nikafuta lebo kwa kitambaa. Harusi ilipokaribia, nikazirudisha ndani, nikazilaza.

Alikuja na pikapu, ananukia manukato mapya. Akapapasa chupa moja kama anampapasa mtoto.

"Umezitunza vizuri. Hizi watakunywa mabosi wangu."

"Najua," nikasema, nikamsaidia kubeba.

Yaliyotokea ukumbini alinisimulia wifi yangu, dada yake, ambaye hatukuwahi kukosana. Bwana harusi alishika kipaza sauti, akaeleza Rioja yote, zabibu na mapipa, kisha akammiminia bosi wake kwanza. Bosi akaonja, akaitazama glasi, akatema kwenye tishu.

"Hii siki!" mtu akapaza sauti meza ya pili.

Akafungua chupa nyingine, na nyingine tena, huku jasho likimtoka na watu wanacheka, mpaka bibi harusi akamnyang'anya kizibuo.

Nilicheka hadi machozi. Wifi akanikazia macho. "Wewe, ulifanya nini?"

"Nilizitunza."

Naye akaangua kicheko.

Baba watoto alinipigia kesho yake. "Umeniaibisha mbele ya watu wote!"

"Uliniachia chupa na watoto," nikamwambia. "Kiyoyozi nikawapa watoto."

Akakata simu. Kazi hakufukuzwa, na ndoa yake ipo mpaka leo. Wifi huniambia nimsamehe sasa, yameshapita. Mie humwitikia tu. Nilitaka yamkute makubwa kuliko yale, na bado nataka.