Mishipa ya Mzee wa Sabini

Juzi nilikuwa Msambweni kwenye foleni ya kupimwa presha. Mlango wa daktari ni pazia, na pazia halizuii neno. Ndani walikuwamo wavuvi wawili wa Vanga, mtu na kakaye.

"Zile risasi za kuzamishia mshipi, mnazibana na nini?" daktari alimwuliza mdogo mtu.

"Kwa meno, mwanangu. Nyingine huziweka shavuni, mikono ikiwa na kazi."

"Na mnazipata wapi?"

"Twayeyusha betri kuukuu za gari. Jikoni."

Sauti ya daktari, binti mdogo tu, ilipanda. "Risasi huingia kwenye damu, mzee. Hupandisha presha na kukakamaza mishipa. Una miaka hamsini na miwili, lakini mishipa yako ni ya mzee wa sabini."

Kisha mgonjwa akasema taratibu, "Kaka, umesikia. Nimekupa shikamoo maisha yangu yote. Leo ni zamu yako."

Hapo nilichungulia. Kaka mtu hakuamkia mtu. Alitia vidole viwili shavuni, akatoa kipande cha risasi, akakipangusa kwa kikoi na kukiweka mezani.

"Nipime na mimi," alimwambia daktari. "Nilianza kuzing'ata kabla huyu hajaota meno."

Daktari wangu, ukitaka Mpwani aache risasi, usimwambie inamzeesha. Mwambie inamfanya mdogo wa mdogo wake.