Lori Lipimwe Kwanza

Nilikuwa nyuma ya mama muuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye foleni ya duka la vipuri, Homa Bay.

"Leta lori lipimwe kwanza, mama," karani alimwambia, macho kwenye simu.

"Nililete na nini? Giaboksi ya hilo haibridi mliloniuzia, la mafuta na umeme, imekufa! Liko kwangu Rodi Kopany na omena inaoza ndani!"

Fundi wake akaweka kwenye kaunta plagi ya waya wa giaboksi, imeota kutu ya kijani kwa maji ya samaki. "Shida ni hii tu. Tuuzie nyingine."

"Hatuuzi kwa kipimo cha nyumbani," karani akasema. "Nyumbani si karakana."

Nikatoka nao. Kwa mama, fundi akaisugua plagi kwa mswaki na limau, giaboksi ikaamka. Kesho yake nilirudi na mama, akaegesha lori mlangoni pa duka, akiwa amefura.

"Nimelileta!"

"Lina shida gani?" karani akauliza.

"Halina."

"Basi hatulipokei."

Kwa kanuni, karani hakukosea hata mara moja. Omena ilishamwagwa.