Maneno ya Mpunga Yaliyobaki Kwenye Skrini

Aliyenisaliti ndiye aliyenifundisha kuwasha kompyuta, na ndiyo maana nilimwamini. Miaka ile ya soko huria, vyama vya ushirika vikiwa hoi na kila mwenye chumba barabarani akifungua duka, yeye alileta mashine mbili za mtumba kutoka Dar es Salaam akafungua ofisi ya uchapaji pale Kyela mjini. Tulikuwa tumesoma darasa moja. Aliponiita nikamchapie barua za wateja, nilikwenda siku hiyo hiyo.

Wateja wakipungua, nilichapa kazi yangu mwenyewe. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa mgonjwa kijijini Ipyana, na kwa miezi kadhaa nilikaa kando ya kitanda chake nikiandika kwenye daftari kila alichokijua kuhusu mpunga: mbegu za zamani ambazo wanunuzi wapya hawakuzitaka, ipi inavumilia mto ukifurika, ipi hupikiwa mkwe, na nyimbo za kupalilia. Alisema kwa Kinyakyusa nami niliandika kwa Kinyakyusa, pamoja na zile herufi zetu mbili, i na u zenye mkato katikati, kama tulivyofundishwa kwenye semina ya kanisani. Yeye hakujua kusoma. Hata hivyo daftari alilitunza chini ya mto wake, na mgeni akija alilitoa kumwonyesha.

Kibodi haikuwa na herufi hizo. Nilizitoa moja moja kwenye jedwali la herufi nikazibandika, kazi ya kuchosha kama kuchambua mawe kwenye mchele. Zilipotokea kwenye skrini na mikato yake, mwenye ofisi alifurahi kuliko mimi. Alizunguka mji mzima akijisifu kwamba mashine yake inaandika Kinyakyusa, na watu wakaja kuangalia.

Ijumaa nilimaliza, nikabonyeza kuhifadhi. Mashine ikatoa onyo kwa Kiingereza kwamba baadhi ya herufi zitapotea. Nikamwita. Alilisoma haraka haraka, akasema mashine hizi hutisha watu bure, nikubali tu kabla umeme haujakatika. Nikakubali, nikatoa na nakala kwenye disketi. Kwenye skrini haikubadilika herufi hata moja, nikaona alikuwa sahihi. Printa haikuwa na wino, tulikuwa tunausubiri kutoka Mbeya, kwa hiyo akaniambia niliache dirisha la maandishi wazi, wino ukifika tutachapisha. Na umeme wa Kyela, ambao hukatika hata kwa mawingu, wiki ile haukukatika.

Nilichokuja kukijua baadaye ni hiki. Programu ile ilishika maandishi mahali pawili. Ndani ya kumbukumbu ya mashine, yaani yale tuliyoyaona kwenye skrini, kila herufi ilikuwa nzima. Lakini kwenye faili iliyaandika kwa mpangilio wa zamani uliojua herufi za Kizungu tu, na kila herufi nyingine uliibadilisha kuwa alama ya kuuliza. Mradi dirisha lilikuwa wazi, maneno yalikuwapo. Mtu angeweza kuyahifadhi upya kwa mpangilio mwingine, au hata kuyanakili kwa kalamu kutoka kwenye kioo.

Shangazi alifariki Jumapili. Jumanne, asubuhi ya mazishi, binti yake mkubwa alitaka daftari liwekwe jenezani, chini ya mkono wa mama yake. Alisema mama alilipenda kuliko kitenge chochote alichowahi kununuliwa. Nilimwomba anisubiri kidogo. Nikapanda baiskeli hadi mjini, maana jambo kama lile halijibiwi kwa kubahatisha. Mwenye ofisi nilimkuta amekaa mbele ya mashine ya pili. Nikamweleza ombi la binti, nikamuuliza kama faili iko salama kwenye disketi.

"Iko salama, dada," alisema. "Mpeni mama daftari lake."

Nikamwambia ndaga fijo. Asante ile inaniuma mpaka leo. Nilirudi Ipyana nikasema daftari liwekwe jenezani, tukalizika naye.

Alhamisi niliporudi kazini, dirisha lilikuwa limefungwa. Alisema jana yake alihamisha meza, ikabidi azime mashine. Wino ulikuwa umefika. Nikafungua faili, na alama za kuuliza zilikuwa zimetapakaa ukurasa mzima kama nyayo za kuku kwenye matope. Nikajaribu disketi, ikawa vilevile. Nilimuuliza aliziona lini. Akasema Jumatatu, alipoifungua faili ya disketi kwenye mashine ya pili ili amwonyeshe mteja.

"Na Jumanne nilipokuja?"

"Mji mzima ulishajua mashine yangu inaandika Kinyakyusa," alisema. "Ningeanzia wapi?"

Angeanzia pale pale alipokaa. Jumanne ile maneno ya shangazi yalikuwa mazima kwenye skrini ya mashine niliyochapia, hatua mbili kutoka kwake, na daftari lilikuwa bado juu ya ardhi. Sijawahi kumchukia mtu namna ile. Hata mwizi hasubiri umshukuru.

Watu huniambia ningejaza mapengo. Nilijaza. Maneno ya kila siku yalirudi bila shida. Majina ya mbegu hayakurudi, wala nusu ya nyimbo, kwa sababu aliyezijua ndiye tuliyemzika.

Siku ya arobaini ukoo ulikusanyika Ipyana, wakitegemea nitawasomea. Mwenye ofisi pia alikuja, amebeba sukari, akakaribishwa vizuri. Binti ya shangazi alichukua karatasi mikononi mwangu, akaweka kidole kwenye alama moja, akauliza inasomwaje. Nikamwambia haisomeki, hapo palikuwa na herufi, na sasa iko kwenye daftari peke yake. Akanirudishia karatasi.

"Nani alituambia tulizike?"

Mwenye ofisi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwetu, sahani mapajani. Alisikia. Nilimngoja ainue uso. Hakuuinua, akaendelea kula wali.

"Ni mimi, dada," nikasema.