Kiota kwenye Kamba ya Nguo

Wanaosema Kariakoo hakuna ndege zaidi ya kunguru ni watu wanaokuja kununua na kuondoka. Mimi naishi hapa. Nyumba yetu ni moja ya zile za Kiswahili zilizosalia, imebanwa na maghorofa pande tatu, na jua linaingia uani kwa muda mfupi tu mchana. Hata hivyo kuna mkomamanga, kuna mrehani na asumini nilizopanda kwenye makopo ya rangi, na mkomamanga ukitoa maua, chozi wanakuja. Ni ndege wadogo, unaweza kumfunika mmoja kwa kikombe cha chai, na mdomo wao umepinda kama sindano ya fundi viatu. Dume anang'aa, na anajua kwamba anang'aa. Anakaa kwenye tawi akiringa, kazi yote anamwachia jike.

Mume wangu alikuwa kuli bandarini mpaka kiharusi kilipompiga. Upande wa kulia ulikufa, maneno nayo yakaondoka. Hospitali walitufundisha mazoezi ya mkono, asubuhi na jioni, lakini hakuyataka. Nilikuwa namnyanyulia mimi, naye anatazama ukuta kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine. Mchana nilimkalisha uani kwenye kiti cha plastiki, nikaendelea na shughuli zangu.

Katika nyumba ya wapangaji kamba ya nguo ina mipaka. Kila chumba kina kipande chake, na ugomvi mwingi wa uani huanzia hapo. Jike la chozi lilichagua kipande chetu, kule mwisho karibu na mkomamanga. Lilizungusha utando wa buibui kwenye kamba, likaongeza majani makavu, kisha vipande vya uzi lilivyookota mlangoni kwa jirani yetu fundi cherehani. Kiota kilipokamilika kilikuwa mfuko mrefu wenye tundu ubavuni na kijipaa juu ya tundu. Kwa mtu asiyejua, ni takataka iliyoning'inia.

Makinda walipototolewa, aliyegundua ni mume wangu. Jike lilikuja na mdudu mdomoni, naye akanyanyua mkono wa kulia, ule ule uliokufa, akaonyesha. "Kaja," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu augue. Niliingia chumbani nikalia, kisha nikatoka nikahamisha nguo zetu zote. Tangu hapo nilianika kwenye nondo za dirisha, zikawa hazikauki vizuri na zinanuka uvundo, na wala sikujali.

Kila jike lilipoingia, mkono ulinyanyuka. Likitoka na kinyesi cha watoto wake mdomoni na kwenda kukitupa ng'ambo ya ukuta, mume wangu alicheka, nami nikamwambia asiyeona haya kuchafua choo chetu na ajifunze pale. Kunguru akitua alimfukuza kwa sauti. Alikuwa anasubiri makinda waruke. Nilisubiri pamoja naye, kwa sababu nilikuwa nimeshaamini kwamba wale wakiruka salama, na mume wangu atanirudia.

Ndipo dada yake mkubwa akaja kutoka Magomeni kupanga kisomo. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza.

"Wifi, mgonjwa anakaa nje kama mzigo," alisema. "Tumsomee."

"Sawa, wifi. Ila kwenye kamba ile ya mwisho msianike kitu. Kuna kiota, na mdogo wako anakipenda sana."

"Haya, hatuaniki kitu."

Na kweli hakuanika kitu. Asubuhi ya kisomo alinituma sokoni nikaongeze nazi na iliki. Niliporudi, uani kulikuwa kumefagiwa mpaka kwenye pembe, mikeka imetandikwa, sufuria la pilau liko juu ya mafiga. Kamba ilikuwa tupu. Mume wangu alikuwa kitini, kipande cha kitumbua kimekaa mdomoni hakitafunwi.

"Amepiga kelele huyu," wifi akasema. "Nikajua njaa, nikampa kitumbua."

"Kiota kiko wapi?"

"Lile tandabui? Nimekutolea. Wageni wangekuona mchafu." Akaonyesha mafiga kwa kidevu. "Nililifagia pamoja na majani makavu, tukawashia moto."

"Kulikuwa na makinda ndani."

"Ndege tu, wifi. Wako wengi."

Wageni walikuwa wameanza kuingia na kuvua viatu. Ningefanya nini, nimvue nguo mwanamke aliyekuja kumwombea ndugu yake? Nilikaribisha watu, nikagawa maji.

Katikati ya kisomo jike lilirudi na mdudu mdomoni. Lilipepea pale kiota kilipokuwa, likaenda kwenye mkomamanga, likarudi tena pale pale hewani. Mume wangu akaanza kulia, kilio cha mtu mzima kisichojificha, mbele ya wote. Wasomaji wakapandisha sauti. Wifi akaniminya mkono, uso wake umejaa furaha, akaninong'oneza kwamba dua imemgusa. Nikasema amina. Pilau ile niliipakua kwa mikono yangu na sikuonja hata punje.

Sasa mkono haunyanyuki. Nikimtoa uani anaonyesha kwa jicho kwamba nimrudishe ndani, na ndani hakuna cha kutazama zaidi ya kabati. Mkomamanga umetoa maua tena na chozi wanakuja, nawaona peke yangu nikiosha vyombo.

Juzi wifi alipiga simu. Niliweka sauti kubwa ili mume wangu naye amsikie dada yake.

"Wifi, nataka tumsomee tena," alisema. "Si uliona ile ya kwanza ilivyomfungua?"

Mume wangu alinyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akaichukua simu mapajani mwangu, akaikata. Wifi alipiga tena, akaikata tena. Jioni ukaingia ujumbe wake, analalamika kwamba mtandao wa huku kwetu ni mbovu sana siku hizi. Nilimjibu kwamba mtandao ni mzima, aliyekata ni mdogo wake.