Mzee Anayejua Kufa

Kundi la filamu la Festo, pale Ipuli, lina mzee mmoja wa kazi moja tu: kufa. Kabla ya kuanguka hupapasa ardhi kwa viganja vyake vipana vya mrina asali, akitafuta siafu, kisha huvua miwani na kumpa aliye karibu. "Nishikie, nakufa mara moja, narudi." Akishakufa, hata kuku humdonoa.

Siku ile alitakiwa kufa kama Eliasi, dereva wa bodaboda aliyeuawa kwa mapanga njia ya Usoke mwaka juzi. Festo alikuwa amechemsha maua mekundu ya choya sufuria nzima ili damu ya kuigizia isipungue. "Damu ndiyo inayoita watu," alisema. Kabla kamera haijawashwa, Veneranda, mjane wa Eliasi, akaingia uani.

"Mnataka wanangu wamwone baba yao akikatwa mara ya pili? Zimeni hiyo!"

Festo akaanza kujitetea. Mzee yeye alikuwa mtani wa Eliasi, na mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu hata matangani. Akapanda pikipiki iliyoletwa kwa filamu, akafuta kiti cha nyuma kwa kofia, akafuta tena, akapiga honi bila sababu, akaita kwa sauti nyembamba: "Panda, shemeji! Ila kiunoni usinishike, mke wangu ana macho mpaka Urambo!"

Veneranda akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Ndiye huyo," akamwambia Festo. "Huyo mpige picha. Yule wa mapanga nilishamzika."