Video ya Muhogo Isiyo na Uso

Ati video yangu ina kasoro kwa kuwa haina uso? Kasoro gani, na muhogo umepandwa pale mwanzo mpaka mwisho? Ngoja nikueleze, kisha ubishe.

Kamera mimi sikuisomea popote. Nilijifunza kwa simu iliyopasuka kioo, nikaingia kupiga picha harusi za wanawake hapa Mji wa Kale, mahali ambapo mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Kule mabuibui huvuliwa na nywele huachwa wazi. Nikimaliza, flashi nampa bibi harusi mkononi, kwangu nafuta. Haijatoka picha hata moja. Ndiyo maana Bondeni nzima yaniita mimi.

Basi kuna ofisi moja ya kilimo kule Mbaraki, baridi ya kiyoyozi utadhani wamehifadhi samaki. Wakataka video ya kuwafunza wakulima: ng'oa muhogo wenye majani ya manjano yaliyojikunja, uchome, kisha upande pingili zilizokatwa kwenye mti mzima usio na ugonjwa. Mkulima nimtafute mimi. Nikamleta shangazi yangu. Twakaa naye nyumba moja, shamba lake liko ng'ambo, kila asubuhi yeye na feri. Miaka ya nyuma muhogo wake ulikuwa umeoza chini kwa chini, akafuata maelekezo kama hayo, msimu uliofuata akavuna.

"Mikono chukua, mwanangu," akaniambia. "Sauti pia chukua. Uso wangu usiutembeze kwenye masimu ya watu."

"Sitautembeza, shangazi."

"Kama harusini?"

"Kama harusini."

Nikapiga mikono. Kisu kinavyokata, pingili inavyolazwa mshazari, udongo unavyoshindiliwa. Nikapeleka Mbaraki nikijiona bingwa.

Afisa akatazama, akauliza, "Dada, mkulima mwenyewe yuko wapi?"

"Si huyo apandaye?"

"Uso, dada. Wafadhili wapenda tabasamu."

"Na muhogo nao walipenda?"

Hakucheka, maskini. Akajua lazima kuna mahali uso umeingia kwa bahati mbaya, na kweli palikuwapo, upepo ulipofunua mtandio. Akataka kipande hicho, la sivyo kazi za ofisi yake nizisahau. Nikatoa simu, nikakifuta mbele ya macho yake.

"Haya, bwana. Tafuta tabasamu lako."

Akalitafuta. Msichana mzuri, viatu vya mpira vipya, kofia ya ofisi, jembe amelishika kama mtoto wa watu asije akamkojolea. Siku kina mama wa ng'ambo walipoonyeshwa video ya huyo msichana, mimi na shangazi tukaenda. Nikaketi nyuma kimya, jambo ambalo kwangu ni kazi kuliko kulima.

"Huyu mke wa nani?"

"Viatu hivyo vyauzwa wapi?"

"Mashallah, ngozi! Apaka nini?"

Wa kuuliza muhogo hakuna. Hongera, ofisi.

Afisa alipoondoka na projekta yake, nikamnong'oneza shangazi, "Niwaonyeshe yetu?"

"Uso haumo?"

"Haumo."

"Waonyeshe."

Simu ikapita mkono hadi mkono. Mmoja akasema, "Rudisha pale anapokata." Mwingine akaja juu: "Kumbe majani haya ni ugonjwa? Na mume wangu aniambia ni jua!" Wakabishana, wakarudisha tena. Kisha likaja swali: "Mikono hii ya nani?"

Shangazi, kaketi papo hapo katikati yao, akajibu, "Ya mtu."

Basi. Wakaendelea na pingili zao. Wiki ile moshi ukafuka shamba hadi shamba, muhogo mgonjwa wachomwa. Na habari zikafika Mbaraki. Afisa akanipigia, sauti imelainika kama halua: sasa amtaka "yule mama mwenye mikono" apigwe picha, moja tu, ya kuonyesha mafanikio. Nikamkatia simu.

Nawe leo waja na lile lile. Hebu niambie, kwenu muhogo hupandwa kwa uso?